Mama anatibiwa saratani, sasa ametokwa na mkanda wa jeshi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58 na anatibiwa saratani ya titi hapa Mwanza, Bugando, ambako ameshapata mizunguko mitatu ya dripu. Tangu juzi analalamika kwamba ubavu wa kushoto unamwaka moto, hata kanga ikimgusa anashtuka. Leo asubuhi tumeona vipele vya majimaji vimejipanga kutoka mgongoni hadi chini ya kifua. Majirani wanasema ni mkanda wa jeshi, kwamba ncha zake zikikutana mtu hufa, na wengine wananong'ona kuwa ni UKIMWI. Shangazi anataka tumpake majivu. Wifi yangu, ambaye ni mjamzito, tunaishi naye nyumba moja. Tufanyeje?
Msomaji, Igombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako tulilijibu kwa simu siku ileile, kwa kuwa halikuweza kusubiri toleo hili. Tunalichapa kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mgonjwa wa namna hiyo.

Majirani wamepatia jina, lakini hayo mengine wamekosea. Mtu akishaugua tetekuwanga, kirusi chake hakitoki mwilini, bali hujificha kwenye mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo na kukaa kimya miaka mingi, kikizuiwa na kinga ya mwili. Kinga ikishuka, kirusi huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi, na ndiyo maana maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa. Kwa kuwa kila neva huhudumia upande mmoja wa mwili, mkanda kwa kawaida huishia katikati ya kifua na katikati ya mgongo. Hizo ncha zinazoogopwa ni nadra kukutana, na si kukutana kwake kunakoua.

Kinachonitia hofu mimi ni kinga ya mama. Dawa za saratani hupunguza chembe hai nyeupe za damu, na kwa mtu wa namna hiyo vipele vinaweza kusambaa mwili mzima, au kirusi kikafika kwenye mapafu, ini au ubongo. Hatari hiyo wanayo pia waliopandikiziwa figo, wanaotumia kwa muda mrefu prednisolone, dawa inayoshusha kinga, na wanaoishi na VVU, hasa ambao hawajaanza dawa au wamezianza karibuni. Kwa hiyo mkanda peke yake si ushahidi wa UKIMWI. Kupima ni jambo la busara kwa yeyote anayetokwa nao, lakini mama yako tayari ana sababu inayojulikana, na minong'ono hiyo inamwongezea mgonjwa mzigo asiostahili.

Mpelekeni hospitali leo, na wahudumu waelezwe mlangoni kwamba yuko kwenye dripu za saratani. Dawa ya asaikilovia, inayozuia kirusi hicho kuzaliana, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Hata hivyo mwenye kinga dhaifu hutibiwa hata akichelewa, na mara nyingine hulazwa ili apewe kwa mshipa. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, aonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa sababu jicho linaweza kupofuka. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa huchubua ngozi na kuleta usaha. Maji safi, sabuni ya kawaida na kitambaa safi cha kufunikia vinatosha.

Kuhusu wifi yako, hawezi kuambukizwa mkanda wenyewe, lakini kama hajawahi kuugua wala kuchanjwa tetekuwanga, anaweza kuipata kwa kugusa majimaji ya vipele. Asimuuguze mama wala kufua nguo zake hadi vipele vyote vikauke na kufanya magamba, na aende kliniki sasa aeleze kwamba amekaa karibu na mgonjwa, asisubiri dalili.

Chanjo ipo, ingawa haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa. Inaitwa Shingrix, haina kirusi hai, na mwaka 2021 Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye kinga dhaifu, kwa dozi mbili. Haitibu mkanda uliokwisha kutoka. Mama akipona, mwulizeni daktari wake wa saratani kama inaweza kupatikana, na kabla ya hapo mwulizeni kama mzunguko wa nne wa dripu uahirishwe.