Seramiki hulegea ikipata moto?

Umeuliza kama seramiki ikipata moto inabaki kaidi kupinda kama ikiwa baridi. Hapana, inalegea, ila polepole sana. Chukua alumina, ile nyeupe unayoiona kwenye plagi ya gari. Ikiwa safi, moduli yake ya Young (kipimo cha ukaidi wa kupinda) kwenye joto la kawaida ni karibu gigapaskali 400. Kwenye nyuzi 1000 za Selsiasi bado iko karibu 350. Atomi zinatetemeka zaidi, zinaachana kidogo, vifungo vinapungua nguvu. Kinachoharibu kabisa ni kioo kilichojibana kati ya chembe moja na nyingine: kikianza kulainika, ukakamavu unaporomoka. Na kama unachoma udongo wenye kwatzi (madini ya mchanga), tafadhali tanuri lipoe taratibu kwenye nyuzi 573. Hapo fuwele hubadili umbo na kusinyaa ghafla, chungu kinapata ufa.