Kabla ya kuchanga, kubalianeni kura

Masika ikianza, mtaani kwetu Dar es Salaam kila mtu anajua maji yataingia nyumba ya nani kwanza. Miaka kadhaa nyuma tulichangishwa kila kaya shilingi 20,000 ili mtaro ujengwe. Ukachimbwa, ukaishia kwenye geti moja, fedha zikakata. Tulipoomba hesabu, hapakuwa hata na daftari. Tangu hapo ukitamka neno mchango, watu wanaingia ndani.

Mara ya pili mimi nilikuwa mweka hazina. Mtaro ule leo unafikisha maji bondeni, na tunauzibua wenyewe. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuanza kikundi kama chetu huko kwenu. Mara ya kwanza kamati iliteuliwa, sisi tukatoa fedha. Mara ya pili tulikuwa wanachama wa kikundi chetu wenyewe.

Jumapili tatu tulikaa chini ya mwembe bila kukusanya hata shilingi moja, tukibishana juu ya kura. Jirani yetu mmoja mwenye uwezo aliahidi mifuko 40 ya simenti, ila alitaka mtaro upite nyuma ya ukuta wake. Mama mmoja anayeuza vitumbua akasimama: "Mzee wangu, simenti yako tunaishukuru. Lakini maji yakijaa yanalala kitandani kwangu, kwako hayafiki." Tukanyoosha mikono, kila mtu mkono mmoja. Mzee alishindwa, akanuna karibu mwezi mzima, kisha akaleta mifuko 15. Hadi leo ni mwanachama mzuri.

Mwanachama mmoja kura moja ndiyo kanuni waliyoishika wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, na ndiyo inayolinda mtaa usinunuliwe na mtu mmoja. Ikubalini mapema, kabla simenti ya mtu haijashushwa.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa wa wapangaji. Wenye nyumba walisema mpangaji atahama, kwa nini apige kura? Mimi nilisimama na wapangaji, na nasimama nao bado. Anayeamka usiku kukinga maji kwa ndoo ni mkazi, awe na hati au hana. Uanachama uwe wazi kwa kila anayekaa hapo. Na asiye na fedha atoe siku zake: tulikubaliana siku moja ya sururu na beleshi ihesabiwe kama mchango, ikaandikwa daftarini kama fedha nyingine. Pale Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walijenga mitaro na barabara zao kwa mikataba waliyopewa wenyewe, wakalipwa kwa kazi hiyo. Jambo hili linawezekana, limeshafanyika.

Sasa serikali ya mtaa. Mnaihitaji: mwenyekiti na mtendaji wawatambue, fundi wa halmashauri aoneshe mteremko wa maji, taarifa isomwe kwenye mkutano wa mtaa. Lakini msiikabidhi kikundi. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kilimanjaro, na chama chake cha msingi kilikuwa chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa huko, kilichoanzishwa 1933. Sheria ya vijiji ya 1975 ilikifanya kijiji kilichosajiliwa kiwe chenyewe ndicho chama cha ushirika, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu. Babu alisema kahawa iliendelea kuuzwa, ila hapakuwa tena na mkutano wa yeye kusimama na kuuliza bei. Sheria ya kurudisha ushirika ilikuja 1982, mwaka uleule wa sheria za kurudisha serikali za mitaa. Kwa sababu hiyo katiba yetu inasema kiongozi wa mtaa anaweza kuwa mwanachama, uongozi wa kikundi hapana. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulipokaribia, wagombea walitaka kuja kukabidhi fedha mtaroni. Tuliwaomba wasubiri hadi kura zipite.

Halafu hesabu. Nilinunua kaunta buku, nikachora safu nne: jina, tarehe, kiasi, sahihi au dole gumba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi niliisoma yote kwa sauti. Picha kwenye kundi la WhatsApp haitoshi. Wazee wasiosoma ndio waliokumbuka kila senti. Siku moja zilipungua shilingi 4,000. Wengine wakasema tuziache, jua limezama. Nilikataa. Tulikaa na tochi ya simu hadi tukakumbuka kilo ya misumari iliyonunuliwa bila risiti. Mwezi uliofuata waliochanga waliongezeka.

Kuhusu mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nimeona vikundi vingi vikiundwa wiki ya kujaza fomu na kufa wiki ya kugawana. Fanyeni kazi pamoja mwaka mzima kwanza, mjuane, ndipo mkaombe.

Mwezi uliopita mpangaji mgeni, hana hata miezi miwili mtaani, alisimama kuuliza kwa nini reki zimenunuliwa mara mbili. Nikafungua daftari, nikamsomea.