Maswali na Majibu: Bahari iko mlangoni, glita ya nini?

*Binti yangu wa gredi ya pili ameambiwa apeleke shuleni kesho "mandhari ya bahari": pengwini, barafu ya pamba na maji ya glita ya buluu. Glita nitaipata duka gani? (Mzazi, Nyali)*

Sikuelekezi duka, mama. Glita ni vipande vidogo mno vya plastiki. Mtoto akinawa mikono vinateremka na maji machafu, vikifika baharini havizoleki tena. Na pengwini wa nini Nyali, mahali ambapo mtoto anaweza kufika ufuoni kwa miguu lakini hamjui samaki aitwaye changu kwa sura?

Mnunulie changu mmoja mzima. Mfute akauke kabisa, umpake ubavu mmoja rangi ya chakula iliyokorogwa na unga wa ngano kidogo, halafu mlaze karatasi nyembamba juu yake na kumpapasa polepole kuanzia kichwani. Ukiibandua utaona magamba yamejipanga, mapezi, na ule mstari unaopita ubavuni toka shavuni hadi mkiani, ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Wavuvi wa Japani walikuwa wakifanya hivi tangu karne ya 19 kuweka kumbukumbu ya samaki waliowavua. Usichukue tafi: miba yake ina sumu na magamba yake ni madogo, hayatoki vizuri. Fanyeni upesi kabla samaki hajaharibika, kisha muosheni, mtieni chumvi na ndimu, mkaangeni.

Nanyi walimu, kumtumia mzazi ujumbe saa mbili usiku kwamba vifaa vinatakiwa kesho asubuhi si haki. Wako wanaorudi kazini saa hiyo, na wako wasio na hata nauli ya kwenda mjini.

*Tukiokota makombe ya kubandika kwenye fremu za picha kuna ubaya? (Bamburi)*

Swali hili linaletwa kila likizo, na kila likizo jibu ni lile lile. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, usiokote hata kauri moja. Nje ya hifadhi, acheni kilicho hai, na kombe lililo tupu pia si takataka, kwani wako kaa wasio na gamba la kutosha ambao huhamia humo. Kiti cha pweza nacho ni mnyama, hakianikwi juani kiwe pambo. Tena kuna makombe mazuri yenye umbo la pia ambayo mnyama wake huchoma kwa sumu inayoweza kumwua mtu mzima. Mtoto achore alichokiona, akiache pale pale.

*Tulichota maji ya bahari tukatia yai, likazama. Si tuliambiwa yai huelea kwenye maji ya chumvi? (Mwalimu wa chekechea, Changamwe)*

Hamkukosea, mwalimu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Yai bichi linataka zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwenye glasi ya maji ya mfereji, tieni vijiko viwili vikubwa vilivyojaa na mkoroge, litapanda.

Ila msiishie hapo. Mwageni maji ya bahari kwenye karai pana, liwekwe juani, na kila siku watoto watie alama pale maji yalipofika. Yakibaki robo, chujeni, mtie yai tena: sasa litaelea bila mtu kuongeza chumvi. Yakikauka kabisa wataona chembe nyeupe zimeganda, na hapo waambieni kwamba chumvi ya Gongoni na Ngomeni hutengenezwa hivyo hivyo, kwa jua na mabwawa ya maji ya bahari.

*Nyangumi ni samaki gani?*

Si samaki. Hunyonyesha.

*Saa ngapi ni nzuri kuwapeleka watoto kwenye miamba? (Mtwapa)*

Mtu wa pwani asiulize saa kabla ya kuutazama mwezi. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka ni bamvua: hapa kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Nendeni yakiwa bado yanatoka. Yakianza kugeuka, watoto wote wawe mchangani, bila "dakika moja tu". Maji hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na mtoto aliyeinamia kidimbwi hayaoni. Viatu vya mpira kwa kila mmoja, na mtu mzima anayejua kuogelea, asiyeshika simu.

*Jahazi la chupa za plastiki linafaa kwa mradi wa darasa? (Likoni)*

Chupa za kuokota, ndiyo. Za kununua soda ili mpate chupa, hapana. Wasimulieni watoto kuhusu Flipflopi, dau la plastiki na ndara zilizookotwa, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 na kufika Zanzibar mwaka uliofuata. Lakini ningekuwa mimi ningeshona mtepe. Kateni boksi vipande vya mbao, toboeni matundu kwa msumari, shoneni kwa kamba ya makumbi, tanga liwe kipande cha mkeka. Babu zetu walisafiri kwa chombo cha namna hiyo kisicho na msumari hata mmoja, na mtoto akishona mwenyewe ataona kwa nini mshono uliolegea huleta maji.

*Tukikuta vitoto vya kasa vikitoka shimoni, watoto wavibebe hadi majini?*

Wasiviguse. Zimeni tochi na simu, maana vitoto hufuata mwanga na vitapotea njia. Simameni nyuma yao, si mbele, hadi wa mwisho aingie majini, na shirika la wanyamapori lipewe habari.