Kwa mkaguzi mpya wa uvuvi: anza na watu

Mdogo wangu uliyepangiwa ukaguzi wa uvuvi hapa Dar es Salaam, hongera kwa kazi. Mimi nimeshastaafu. Pwani hii nimeizunguka kuanzia Kunduchi na Msasani hadi Kigamboni, na nimepanda meli kubwa zilizotia nanga nje ya bandari. Chuoni tulifundishwa kupima macho ya nyavu, kulitambua kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, na kusoma leseni. Yote utayahitaji. Ila kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa, na wewe sitaki ulichelewe: uvuvi haramu na mateso ya mvuvi hupanda chombo kimoja. Anayekwepa leseni atakwepa pia mshahara, chakula, dawa na jaketi la kuokolea, kwa sababu kwake zote hizo ni gharama.

Anza na Feri, soko kubwa la samaki la jiji. Fika kabla ya alfajiri, mnada haujachangamka, na usiwe na pupa ya kuuliza. Wakaanga samaki wanawajua samaki wa baruti, yaani waliouawa kwa mlipuko majini, kuliko mwongozo wowote utakaopewa: wanabonyeza mnofu, umelegea, wanapasua, damu imevilia tumboni na mgongo umevunjika. Waamkie wakubwa, nunua samaki wako, kaa uwasikilize. Baruti imepigwa marufuku nchini tangu 1970, lakini uchunguzi wa sauti za chini ya maji uliofanywa kando ya pwani yetu mwaka 2015 ulinasa milipuko zaidi ya 300 kwa takriban mwezi mmoja, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Mwaka huohuo Serikali iliunda kikosi kazi kilichowakutanisha polisi na watu wa uvuvi, misitu na wanyamapori, na baadaye vishindo vikapungua sana. Mimi naamini kilichosaidia ni kufuata mnyororo: baruti imetoka kwa nani, samaki wamekwenda kwa nani.

Nimewahi kumhoji kijana aliyebaki na mkono mmoja. Baruti haikuwa yake, boti haikuwa yake, wala samaki hawakuwa wake. Mwenye vyote vitatu hakuwahi kulowa hata kidole.

Kwa hiyo jifunze mapema hesabu ya mgao. Kwenye boti nyingi hapa mvuvi hana mshahara. Samaki wakiuzwa, kwanza yanatolewa mafuta, barafu, resheni na ushuru; kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu, na fungu la tajiri ndilo nene. Bahari ikikataa, mvuvi anarudi nyumbani na deni. Wiki inayofuata anakwenda kulipa deni la wiki iliyopita, na tajiri akimwambia safari hii tunatumia nyavu za macho madogo, ana jibu gani? Siwatetei wavunja sheria. Ninachokuambia ni kwamba ukiwakamata watu sita wa boti ukamwacha tajiri anakunywa kahawa ufukweni, kesho atapata wengine sita, nao watakuwa na madeni vilevile. Uliza nani kanunua nyavu, nani kalipia mafuta, pesa ya mnada inaingia kwenye simu ya nani. Andika majibu palepale. Vikundi vya BMU, yaani vya wanajamii wanaosimamia rasilimali za ufukwe wao, vitakusaidia sana kwa sababu wanamjua kila mtu wa ufukweni, lakini jiridhishe kwanza kama kiongozi wa kikundi naye si mwenye boti.

Ukikuta mtoto chomboni, usikubali kirahisi maneno ya "huyu ni mwanangu, anajifunza kazi." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kama baharia melini. Uliza anasoma wapi. Uliza amelala wapi jana.

Sasa meli kubwa. Kuanzia maili 12 hadi 200 za baharini, leseni za uvuvi ziko chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Zanzibar. Huko utakutana na meli za mishipi mirefu zinazofuata jodari. Baadhi hukaa baharini miezi mingi bila kugusa bandari, kwa kuwa meli nyingine huzifuata, zikapokea samaki na kuziachia mafuta na chakula. Samaki wakihamishwa hukohuko, si rahisi kujua wamevuliwa wapi. Na baharia naye hana gati la kushukia.

Ukipanda, utapelekwa moja kwa moja kwenye stoo ya samaki na kwenye daftari la uvuvi, tena kwa ukarimu. Omba kwanza kuiona jikoni. Onja maji ya kunywa. Tazama vitanda na uvilinganishe na orodha ya mabaharia. Kisha tazama miguu yao. Miguu iliyovimba yaweza kuwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, unaowapata watu wanaokula wali mweupe na vya makopo kwa miezi. Uliza pasipoti ziko kwa nani; ukiambiwa nahodha anawatunzia, mwambie azilete, na umwone kila mmoja akiishika yake. Kipimo kizuri cha kubeba kichwani ni Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Uvuvi, namba 188 wa mwaka 2007, ulioanza kutumika Novemba 2017: mkataba wa kazi wa maandishi, cheti cha afya, mvuvi asitozwe ada ili apate kazi, na kwa safari zinazozidi siku tatu, mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, saa 77 kwa wiki.

Thailand ni shule nzuri katika hili. Aprili 2015 Umoja wa Ulaya uliionya kwa kadi ya njano kuhusu uvuvi haramu. Serikali yao ikaweka vituo vya kukagua vyombo vinapotoka na vinapoingia bandarini, ikadai vifaa vya kufuatilia meli kwa setilaiti, na mishahara ikatakiwa kupitia benki. Kadi iliondolewa Januari 2019, mwezi uleule walioridhia mkataba namba 188. Lakini kati ya hapo walikosolewa, tena kwa haki: wakaguzi walikuwa wakiwauliza mabaharia wahamiaji maswali mbele ya nahodha, mara nyingine bila mkalimani. Mtu atajibu nini hapo? Wewe usimtumie mkalimani aliyeletwa na wakala wa meli, hata kama ndiye pekee aliye karibu. Subiri.

Na linda ushahidi wako. Kila mtu wa Dar mwenye umri wangu anawakumbuka "samaki wa Magufuli", jodari wa meli ya Tawariq 1 iliyokamatwa Machi 2009 katika maji yetu, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa kesi ile kwa dosari za kisheria, na kwamba mabaharia kutoka Uchina, Vietnam, Ufilipino, Indonesia na Kenya walionja mahabusu yetu kwa muda mrefu kwa ajili ya samaki ambao si wao waliowauza. Mimi kesi hiyo hunirudia kila ninapomwona kijana mkaguzi anaandika ripoti kwa kukisia saa, au anasahau kupokeza sampuli kwa sahihi.

Jambo la mwisho ni la saa ileile unapojiandaa kushuka. Baharia aliyekuambia ukweli saa nne asubuhi, saa kumi jioni atakuwa chini ya nahodha yuleyule, na pwani haionekani. Kwa hiyo zungumza na wote, faraghani, mmoja mmoja, kwa muda uliolingana, hata na wale wasio na la kusema, ili isijulikane nani kasema. Na akikuambia anataka kushuka, usishuke ukamwacha. Mpigie mkubwa wako, wapigie polisi, utafute ubalozi wake, na simu hizo zote uzipige ukiwa bado umesimama naye sitahani.