Usimwambie Mtoto "Kubali"

Nilipoanza kutumia tiba ya kukubali na kudhamiria (ACT), aina ya tiba ya kisaikolojia ya mazungumzo na mazoezi, kwa watoto hapa Lindi, neno lililonisumbua ni hilo la kwanza. Kukubali kwetu ni kuitikia, kusema sawa. Mtoto akiambiwa "kubali hofu yako" anasikia "vumilia, nyamaza", na hayo ameshaambiwa vya kutosha nyumbani. Siku hizi nasema "ipishe ikae pembeni". Steven Hayes na wenzake, waliotoa kitabu chao juu ya tiba hii mwaka 1999, walikusudia hivyo: kuacha kupigana na hisia, si kuinamia jambo linaloumiza. Nyinyi mnaoanza kuitumia tiba hii, shikeni hili kabla ya zoezi lolote: mtoto anayefanyiwa ukatili hafundishwi kukaa na maumivu. Analindwa kwanza. Mwoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa mtoto.

Baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, nililetewa mtoto ambaye wingu likitanda tu, haendi shule. Nilimweleza kirefu kwa nini asiogope. Alinisikiliza kwa adabu, na kesho yake hakwenda. Nilipomwomba anichoree hofu yake, akachora pweza. Tangu hapo hakusema tena "tutakufa". Alisema "Pweza anasema tutakufa". Ni maneno mawili tu yameongezeka, lakini kazi kubwa imo humo, kwa sababu sasa anaweza kulitazama wazo lake. Watoto hupenda pia kulirudia neno linalowatisha, kama "mvua", mbiombio nusu dakika nzima, mpaka libaki sauti tupu.

Kisha nikamuuliza Pweza amemnyang'anya nini. Akajibu: mpira, maana yeye ndiye kipa wa darasa na wenzake wanamtegemea. Hapo ndipo tulipopata sababu ya kutoka nje. Siku ya mawingu alifika hadi kwenye mwembe wa njiani. Wiki iliyofuata, shuleni. Hofu haikwisha. Alikwenda nayo.

Mlezi naye ana somo lake. Bibi yake alizoea kumwambia, "Mtoto wa kiume haogopi." Nilimwomba aseme tu, "Naona Pweza amekuja, mjukuu wangu. Twende naye." Ilimchukua siku nyingi kuzoea.

Na msimu wa korosho ukianza, msiwalaumu walezi wasipotokea. Wafuateni shambani, muongee nao huku wakiokota.