Swali la lugha: Wakozaki, Makozaki na hilo "kabila"

Msomaji wa Tanga anauliza: "Nimetazama Tikhiy Don, ile filamu ya Sergei Gerasimov ya 1957–58 kuhusu watu wa mto Don wakati wa mapinduzi ya Urusi, na ninaiandikia muhtasari. Niseme kabila la Wakozaki au kabila la Makozaki?"

Wakozaki, kama Wajerumani. Makozaki nayo imefuata njia ya makasisi na majemadari, aliyeizoea sitamsumbua. Asili ya jina ni lugha za jamii ya Kituruki, lenye maana ya mtu huru.

Lakini ndugu yangu, hilo "kabila" limenichoma. Tumelitoa kwenye Kiarabu, tukaligeuza kapu la kutupia kila watu tusiowajua. Wakozaki wa Don walikuwa tabaka la askari-wakulima. Tsar, yaani mfalme wa Urusi, aliwaachia ardhi, nao wakamtumikia vitani kwa farasi na sare walizonunua wenyewe. Katika jeshi hilohilo la Don walikuwamo Wakalmiki, watu wenye asili ya Kimongolia, tena Wabudha, nao wakiitwa Wakozaki sawa na majirani zao Waorthodoksi. Kabila gani hilo?

Mtazame Podtyolkov, ambaye filamu haikumsahau. Mkozaki huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mapinduzi ya Don. Mwanzoni mwa 1918 alimuua Chernetsov, afisa Mkozaki aliyepigana na wanamapinduzi. Mei mwaka huohuo akanyongwa yeye, na walioweka kitanzi ni Wakozaki. Ukimwambia msomaji "kabila", atakaa akingoja kabila la pili litokee, na halitokei.

Hebu ingia nyumbani kwa akina Melekhov, familia ya Wakozaki iliyo kiini cha filamu. Mwana wao Grigory anapigana upande wa Wekundu (wanamapinduzi), kisha Weupe (wapinzani wao), kisha anaingia kwenye uasi wa Wakozaki wa 1919 dhidi ya Wekundu. Mishka Koshevoy, rafiki yake wa utotoni, anampiga risasi Pyotr, kaka yake Grigory. Baadaye Mishka huyohuyo anamwoa mdogo wao, Dunyashka. Kwa hadithi ya namna hii Kiswahili hakina upungufu: tunasema vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kila anayesikia anajua damu iliyomwagika ni ya nani.

Kwa hiyo andika "Wakozaki wa Don", basi. Ukitaka kuongeza, "jamii ya Wakozaki" inatosha. Kabila lifute. Na ukifika kwa Mishka, usimwite adui wa Grigory. Mwite shemeji yake.