Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mwandishi wa Tamthilia Awe Pia Mtayarishaji?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwandishi chipukizi na nimekwisha kuuza miswada miwili ya tamthilia za televisheni. Mara zote mbili, kazi ilipoonyeshwa nilikuta mazungumzo yamebadilishwa na mwisho umegeuzwa bila mimi kuulizwa. Katika tamthilia za Marekani, jina la mwandishi hutokea tena kama mtayarishaji mkuu. Je, hicho ni cheo cha heshima tu, au kina kazi yake? Na mtu hukifikia kwa njia gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokupata. Cheo hicho kina kazi, tena nzito. Katika tamthilia ya Kimarekani, waongozaji hupokezana kutoka sehemu moja hadi nyingine, lakini hadithi huendelea wiki hata wiki, na anayejua mhusika alitamka nini katika sehemu ya tatu na atavuna nini katika sehemu ya kumi ni mwandishi. Ndiyo maana hupewa sauti katika kuchagua waigizaji, kuajiri waandishi wengine na kupitisha uhariri wa picha, na papo hapo hubebeshwa jukumu la fedha.

Mfano ninaoupenda ni wa Steven Bochco, mwandishi na mtayarishaji wa tamthilia za televisheni wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1943, mtoto wa mpiga fidla. Alisomea sanaa za maonyesho mjini Pittsburgh, na alipohitimu mwaka 1966 akaingia studio za Universal, ambako alikaa takriban miaka 12. Naomba uitazame miaka hiyo kwa makini, kwa sababu wengi huiruka. Kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akiandika na kuhariri miswada ya tamthilia zilizobuniwa na wengine, ikiwemo ile ya mpelelezi Columbo, ambayo sehemu yake ya mwaka 1971 iliyoandikwa na Bochco iliongozwa na kijana aliyeitwa Steven Spielberg. Hapo ndipo alipojifunza jinsi ukurasa mmoja wa muswada unavyogeuka kuwa saa za kazi, taa, magari na mishahara.

Baadaye alihamia kampuni ya MTM, na kituo cha NBC kilipotaka tamthilia ya polisi, yeye na mwenzake Michael Kozoll walikubali kwa sharti kwamba waachwe waandike wanavyoona inafaa. Hill Street Blues ilianza kuonyeshwa Januari 1981. Ilikuwa na wahusika wakuu zaidi ya kumi, visa vilivyosukana, na mambo yaliyoachwa bila suluhisho hadi wiki nyingine, jambo ambalo tamthilia za polisi za wakati ule zililiepuka. Watazamaji wa msimu wa kwanza walikuwa wachache mno, lakini NBC iliiongezea muda, na mwaka huohuo ikapata tuzo nane za Emmy, ambazo ni tuzo za televisheni za Marekani. Naamini kwa dhati kwamba lau Bochco angekuwa ameuza muswada na kwenda zake nyumbani, wasiwasi wa watu wa kituo ungeufanya uwe hadithi ya kawaida yenye askari wawili na mhalifu mmoja.

Hata hivyo, anayeshika mamlaka huulizwa hesabu. Mwaka 1985 Bochco aliondolewa MTM baada ya mvutano kuhusu gharama. Mwaka uliofuata alirudi na L.A. Law, tamthilia ya mawakili aliyoibuni pamoja na Terry Louise Fisher, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, na akamwajiri wakili kijana kutoka Boston, David E. Kelley. Kelley alipanda ngazi humohumo hadi akaisimamia tamthilia hiyo, kisha akabuni zake mwenyewe. David Milch na Dick Wolf nao walipitia Hill Street Blues kabla ya kujulikana. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba cheo hicho hufikiwa kwa uanagenzi chini ya mwandishi aliyekwisha kukishika.

Kwa upande wako, kabla ya kuuza muswada wa tatu, andikisha kazi yako COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na udai mkataba utaje nani ana ruhusa ya kubadilisha maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi hata baada ya kuuza, na inampa haki ya kupinga upotoshaji unaomvunjia heshima. Omba pia kuwapo siku za kurekodi na katika chumba cha uhariri, kwa maana huwezi kuaminiwa usimamizi wa kazi ambayo hujaiona ikifanyika.

SWALI: Je, mwandishi akipewa uhuru wote huo hawezi kuharibu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Anaweza. Mwaka 1990 Bochco huyohuyo alileta Cop Rock, tamthilia ya polisi ambamo askari na watuhumiwa waliimba, nayo ilisitishwa baada ya sehemu 11. Uhuru ulimruhusu kukosea, lakini pia ulimruhusu kujaribu tena: mwaka 1993 yeye na Milch walianzisha NYPD Blue, nayo ya polisi. Vituo 57 vinavyoshirikiana na mtandao wa televisheni wa ABC vilikataa kuonyesha sehemu ya kwanza kwa sababu ya lugha kali na picha za utupu, ila waandishi hawakurudi nyuma, na tamthilia iliendelea kwa misimu 12, hadi mwaka 2005.